Kazi ya Nta katika Tiba ya Meno

Mzee aliyepoteza magego yake anapovaa meno ya bandia kwa mara ya kwanza, huanza na chakula laini kama uji au ndizi zilizopikwa, kisha siku moja hujaribu nyama. Ikiwa meno yale yamekaa sawasawa juu ya fizi, baada ya majuma machache huyazoea na kuyasahau. Ikiwa yamepinda, hata kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, fizi huchubuka, chakula huingia chini ya bamba, na aghalabu meno hayo huishia ndani ya bilauri ya maji kando ya kitanda. Hapo lawama huwaendea daktari, au fundi, au mzee mwenyewe kwa kukosa subira. Ni wachache wanaouliza habari za nta.

Swali hilo lingeweza kuonekana la ajabu, kwa maana ukiyachunguza meno hayo hutaona hata chembe ya nta. Bamba la rangi ya waridi ni akriliki, ambayo ni plastiki ngumu, na meno yenyewe ni ya plastiki au ya kauri. Lakini kila mkunjo wa bamba hilo ulichongwa kwanza katika nta, na kila jino lilipangwa mahali pake likiwa limeshikwa na nta. Vivyo hivyo taji la dhahabu, yaani kofia ya madini inayovikwa jino lililoharibika, lilikuwa taji la nta kabla ya kuwa la dhahabu. Nta ilishika nafasi ya madini kwa muda, ikaondolewa kwa moto, na madini yakarithi umbo lake pamoja na makosa yake yote. Kwa sababu hiyo anayejifunza ufundi wa meno hupaswa kuijua nta vizuri kabla ya kukabidhiwa dhahabu.

Katika makala haya tutaeleza nta za tiba ya meno zinatokana na nini, zimegawanyika katika aina gani, na kwa nini fundi huziheshimu na kuzihofu kwa wakati mmoja.

NTA NI NINI?

Kwa mwanakemia, nta ni jina la jamii ya vitu vyenye tabia zinazofanana. Vyote vina molekuli ndefu zilizojengwa hasa kwa kaboni na haidrojeni, na baadhi vina oksijeni pia. Kwa kuwa katika kipande kimoja cha nta molekuli hizo si za urefu mmoja, nta haiyeyuki ghafla kama barafu. Hulainika kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, mpaka hatimaye inakuwa maji. Kati ya ugumu na uoevu kuna hatua ambayo nta inakubali kufinyangwa bila kuvunjika. Hatua hiyo ndiyo anayoitumia fundi wa meno.

Nta zinazotumika hutoka katika asili tatu. Ya kwanza ni wanyama, na hapa mfano mkubwa ni nta ya nyuki. Sehemu kubwa yake ni esta, yaani zao la asidi na alkoholi zilizoungana, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za sentigredi. Wasomaji wa Tabora na mikoa mingine yenye misitu ya miombo wanaifahamu, kwani nta ya huko imekuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Katika mchanganyiko wa nta za meno, kazi ya nta ya nyuki ni kuufanya ushikamane na kuupunguzia ukavu wa kuvunjika.

Asili ya pili ni mimea. Nta ya kanauba hukwanguliwa kwenye majani ya mchikichi fulani wa Brazili, ambao hujikinga kwa nta hiyo wasipoteze maji wakati wa kiangazi. Ni ngumu sana, na huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80. Ikitiwa kidogo tu, huongeza ugumu wa mchanganyiko mzima na kuufanya uvumilie joto.

Asili ya tatu ni madini ya ardhini. Nta ya parafini, ambayo mwanafunzi asiichanganye na mafuta ya taa, hupatikana wakati wa kusafisha mafuta ghafi. Ndiyo nta ya mishumaa ya kawaida. Ni haidrokaboni tupu, haina gharama kubwa, na huyeyuka kati ya nyuzi 40 na 70 hivi kutegemea urefu wa molekuli zake. Ubaya wake ni kwamba ikichongwa hubanduka magamba na haiachi uso laini. Kwa hiyo huchanganywa na nta nyingine pamoja na ulimbo wa miti.

Mfano mmoja unaotolewa na vitabu vya kufundishia ni nta ya kusubia vijazo vya meno, ambayo ina parafini 60 kwa mia, kanauba 25, seresini 10, na nta ya nyuki 5. Seresini ni nta nyingine ya ardhini iliyo ngumu kuliko parafini. Msomaji ataona kwamba hakuna nta hata moja kati ya hizo nne ambayo ingeifaa kazi hiyo ikiwa peke yake.

HISTORIA KWA UFUPI

Uhusiano wa nta na meno ni wa zamani mno. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza uchunguzi wa taya la mtu lililopatikana katika pango karibu na Lonche, huko Slovenia. Taya hilo lina umri wa miaka 6500 hivi, na chonge yake iliyopasuka ilikuwa imezibwa kwa nta ya nyuki. Wachunguzi wenyewe walitahadharisha kwamba huenda nta hiyo ilitiwa mtu yule akiwa hai ili kutuliza maumivu, au ilitiwa baada ya kufa kwake.

Katika karne ya 18 nta iliingia rasmi katika vitabu vya tiba. Philipp Pfaff, tabibu wa meno wa mfalme Frederick wa Prussia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1756 namna ya kuchukua chapa ya kinywa kwa nta iliyolainishwa, kisha kumimina plasta katika chapa hiyo ili kupata sanamu ya taya. Tangu wakati huo fundi aliweza kutengeneza meno akiwa karakanani, bila mgonjwa kukaa mbele yake kutwa nzima.

Hatua kubwa zaidi ilikuja kutokana na ufundi wa wafua madini. Mafundi wa Ife na Benin, katika nchi ya leo ya Nigeria, walikuwa mabingwa wa kusubu shaba kwa njia ya nta: umbo huchongwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, udongo huchomwa mpaka nta inatoka, na shaba iliyoyeyuka humiminwa katika uwazi uliobaki. Njia hiyo ilijulikana pia katika mabara mengine kwa maelfu ya miaka. Mmarekani B. F. Philbrook aliitumia kutengeneza vijazo vya meno katika miaka ya 1890, lakini habari zake hazikuenea. Mwaka 1907 mwenzake William H. Taggart aliwaonyesha madaktari wa meno mjini New York jinsi ya kusubu kijazo cha dhahabu kwa njia hiyo, na baada ya miaka michache ufundi huo ukawa umesambaa.

KUTOKA NTA HADI DHAHABU

Nta za meno hugawanywa katika makundi matatu kufuatana na kazi: nta za kuchongea umbo, nta za kusaidia kazi, na nta za kuchukulia chapa. Kundi la kwanza ndilo lenye masharti makali, na ndani yake nta ya kusubia ina masharti makali kuliko zote.

Nta ya kusubia kwa kawaida hutiwa rangi ya buluu, kijani au nyingine iliyokolea, ili fundi aone waziwazi mpaka wake na jino. Zamani daktari aliifinyanga moja kwa moja ndani ya jino la mgonjwa. Siku hizi kazi hiyo hufanyika zaidi juu ya sanamu ya plasta. Njia hizi mbili hudai nta mbili tofauti. Nta ya kinywani haina budi kulainika kwenye nyuzi 45 hivi, ili isiunguze kiini cha jino, na tena iwe imara kwenye nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili, ili isipinde wakati wa kuitoa. Nta ya karakanani hupimwa uimara wake kwenye nyuzi 30.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kipande cha nta chenye kipenyo cha milimita 10 na kimo cha milimita 6 huwekewa uzito wa kilo 2 kwa dakika 10 katika joto lililowekwa, kisha hupimwa kimepungua kimo kwa kiasi gani. Upungufu huo, ukihesabiwa kwa mia, huitwa mtiririko. Kanuni ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ambayo vitabu vingi huifuata, hudai kwamba nta ya kinywani isitiririke zaidi ya 1 kwa mia kwenye nyuzi 37, lakini kwenye nyuzi 45 itiririke kati ya 70 na 90 kwa mia. Tofauti ya nyuzi 8 tu yatenganisha ugumu na ulaini.

Umbo la nta likikamilika, huchomekwa kijiti kitakachokuwa njia ya madini, kisha huzungushiwa rojo la jasi na silika ndani ya pete ya chuma. Rojo likikauka, pete huingizwa tanuruni. Nta huyeyuka, hutiririka nje, na mabaki yake huungua. Hapa kuna sharti jingine: nta ikichomwa isiache masalio yanayozidi 0.1 kwa mia ya uzito wake, kwani majivu yakibaki katika kalibu yataharibu kingo za dhahabu. Tanuru nalo lisizidi nyuzi 700, kwa maana kaboni iliyobaki hushambulia jasi na kutoa gesi ya salfa inayoidhoofisha dhahabu. Hatimaye dhahabu iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu iliyo moto.

HESABU YA UNENE WA UNYWELE

Nta hutanuka kwa joto kuliko karibu vitu vyote vinavyotumika katika tiba ya meno. Nta ya kusubia yenye urefu wa milimita 10 hutanuka au kusinyaa kwa milimita 0.0035 hivi kwa kila uzi mmoja wa joto. Hiyo ni kama mara 25 ya dhahabu.

Tuchukue umbo la nta la milimita 10 lililofinyangwa kinywani kwenye nyuzi 37, likapoa hadi nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 12, kwa hiyo umbo litasinyaa kwa milimita 0.0035 × 12, yaani milimita 0.042. Dhahabu nayo, inapoganda na kupoa ndani ya kalibu, husinyaa kwa 1.5 kwa mia hivi, yaani milimita 0.15. Jumla ni milimita 0.19, ambayo ni zaidi ya unene wa unywele. Je, ni nyingi? Saruji ya kubandikia taji hutakiwa kufanya utando usiozidi milimita 0.025. Taji lililosinyaa kwa kiasi tulichokihesabu halitaingia jinoni kabisa. Na likilegea, upenyo utakaobaki pembeni utakuwa makao ya bakteria, na jino litaoza chini ya dhahabu bila mwenyewe kujua mpaka siku ya maumivu.

Wataalamu walitatua tatizo hilo kwa kuifanya kalibu itanuke kabla ya kumiminiwa dhahabu. Silika iliyomo katika rojo hubadilika umbo la fuwele inapopata joto na kutanuka. Aina iitwayo kwazi hubadilika kwenye nyuzi 573. Uwazi ndani ya kalibu hupanuka kwa kadiri ile ile ambayo nta na dhahabu zitasinyaa, na makosa hayo hufutana. Lakini ufutaji huo hufaa tu ikiwa nta imesinyaa kwa kiasi kilichotarajiwa. Nta iliyopinda haina dawa.

NTA HUKUMBUKA

Kupinda huko hutokana na tabia moja ya ajabu. Nta ikilazimishwa kukaa katika umbo fulani kabla haijalainika vizuri, molekuli zake hubaki na mkazo. Kwa nje imetulia; kwa ndani yatafuta kurudi ilikokuwa. Kadiri saa zinavyopita, na hasa joto likipanda, mkazo hufunguka na umbo hubadilika pole pole.

Kwa sababu hiyo fundi hufuata desturi tatu. Huilainisha nta polepole na kwa usawa mpaka ndani, kwa kuwa nta hupitisha joto kwa shida na uso wake waweza kuwa laini huku moyo ukiwa mgumu. Huijenga kwa matone yaliyoyeyuka kila inapowezekana, kuliko kuibonyeza kwa nguvu. Na akishaitoa juu ya sanamu, huizungushia rojo upesi, pengine ndani ya nusu saa. Umbo lililoachwa mezani hadi kesho si umbo lile lile.

NTA YA MENO YA BANDIA

Nta ya bamba huuzwa katika karatasi nene za rangi ya waridi. Zaidi ya nusu yake ni parafini au seresini, na hutiwa nta ya nyuki, kanauba kidogo na ulimbo. Fundi huitumia kujenga kingo za nta juu ya sanamu ya taya. Daktari huzijaribisha kinywani ili kupima mgonjwa anavyouma na urefu wa uso wake, kisha fundi hupanga meno katika nta hiyo, moja moja. Mgonjwa huyajaribu yakiwa bado katika nta. Huo ndio wakati wa kusema kwamba jino la mbele limetokeza mno, au kwamba maneno hayatamkiki vizuri, kwa kuwa kulisogeza jino katika nta ni kazi ya dakika chache tu.

Mambo yote yakikubaliwa, meno na nta hufukiwa katika plasta ndani ya kasha la chuma lenye sehemu mbili. Kasha hutiwa katika maji ya moto, nta hulainika, na sehemu mbili zikitenganishwa nta huondolewa na mabaki kuoshwa kabisa. Meno hubaki yameshikwa na plasta. Unga wa akriliki uliokandwa hushindiliwa katika nafasi ya nta, na kasha hupashwa moto kwa saa kadhaa mpaka akriliki iwe ngumu.

Nta ya bamba hutengenezwa kwa ugumu wa daraja tatu. Ya kwanza ni laini, ya kujengea sura ya fizi. Ya pili, ya ugumu wa kadiri, ni ya kazi ya kinywani katika nchi zenye baridi ya wastani. Ya tatu ni ngumu, na ilikusudiwa kwa nchi za joto. Tofauti hii ina maana kubwa kwetu. Karatasi ya nta ifaayo Njombe au Nakuru huenda isifae Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ambapo karakana isiyo na kipoza hewa hupita nyuzi 30 ifikapo adhuhuri. Meno yaliyopangwa kwa usahihi asubuhi yaweza kusogea kabla ya alasiri bila mtu kuyagusa.

NTA ZA KUSAIDIA NA ZA CHAPA

Nta za kundi la pili haziachi umbo katika kazi ya mwisho, lakini pasipo hizo kazi hukwama. Nta ya kuzungushia huja kama utepe laini. Hufungwa kando ya chapa ya kinywa ili plasta isimwagike. Nta laini ya matumizi mbalimbali hubandikwa ukingoni mwa sinia la chapa lisimuumize mgonjwa.

Nta ya gundi ina nta ya nyuki na ulimbo wa msonobari. Ikiyeyuka hunata, na ikipoa huwa kavu na kuvunjika upesi. Huenda msomaji akadhani ukavu huo ni kasoro, kumbe ulikusudiwa. Fundi anayeunganisha vipande vya meno ya bandia yaliyovunjika hutaka kujua ikiwa vimesogea. Nta laini ingepinda kimyakimya na kumdanganya. Nta ya gundi hukatika, naye hujua kwamba imempasa kuanza upya.

Nta za chapa hulainika kwenye joto la kinywa. Hutumika kuonyesha jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana, au kurekebisha chapa ya fizi. Hazifai kwa sehemu zenye mbinuko wa ndani, kwa kuwa hazina unyumbufu na hupinda zinapovutwa.

JARIBIO LA SHULENI

Mwalimu aweza kuonyesha tabia hizi kwa mshumaa wa kawaida. Nta isiyeyushwe juu ya moto moja kwa moja, kwani huwaka. Itiwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto.

Kwanza, kata vipande viwili vya kimo cha milimita 6 na kipenyo cha milimita 10. Kimoja kiweke kati ya vigae viwili chini ya jiwe la kilo 2 kwa dakika 10 katika joto la darasani, na cha pili vivyo hivyo ndani ya beseni la maji ya nyuzi 45. Kipande kikishuka kutoka milimita 6 hadi 4.5, mtiririko wake ni 25 kwa mia.

Pili, tengeneza vijiti viwili vyembamba vya nta visivyo na utambi. Kimoja kitie katika maji ya nyuzi 45 kwa nusu dakika tu, na kingine kwa dakika 15. Vipinde vyote viwili mfano wa kwato ya farasi, vipoze, na kuchora umbo la kila kimoja juu ya karatasi. Kisha vieleze juu ya maji ya kawaida hadi kesho yake, na kuvilinganisha na michoro. Wanafunzi wapime ni kipi kilichofunguka zaidi, na waeleze kwa nini.

SIKU HIZI

Katika karakana nyingi kompyuta sasa huchora taji, na mashine hulichonga katika kauri au madini bila kupitia nta. Hata hivyo baadhi ya mashine hizo huchonga nta yenyewe, na umbo hilo hupelekwa tanuruni kama zamani. Mataji ya kauri yanayosukumwa kalibuni kwa joto na mgandamizo nayo huanza kwa nta. Na penye upungufu wa mashine, kisu cha nta na taa ya spiriti ndivyo vinavyompa mzee meno yake.

Kwa wanafunzi wetu hapa pana uwanja wa utafiti usiohitaji vyombo vya gharama. Nta ya nyuki tunayo. Kuitafutia mchanganyiko utakaobaki imara katika joto la pwani, na bado ukakubali kisu cha fundi, ni kazi ya kipimajoto, mizani, jiwe la kilo 2 na daftari lililotunzwa vizuri.